Nilikodi gauni la lulu "la Lupita" hapa Kisumu, nyota tatu kwa tano

Nianze na ngazi kwa sababu hapo ndio nilikaribia kugeuka nirudi nyumbani. Duka liko ghorofa ya pili, jengo la zamani nyuma ya Oginga Odinga Street, chini wanauza mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo unapanda ukinusa dawa ya kupe mpaka mlangoni, alafu ghafla unapokelewa na marashi na joto la pasi. Jina la duka siliandiki, mwenye duka bado ana pesa yangu kidogo na sitaki vita, lakini watu wa Kisumu mkishasikia ngazi na dawa ya kupe mshajua ni wapi.

Najua kuna wale mnataka nyota kwanza alafu msome baadaye. Tatu. Gauni lenyewe nampa nne, mdomo wa mwenye duka tano bila kupinga, gundi sifuri.

Sababu ya kwenda ilikuwa besidei ya rafiki yangu kufikisha miaka 40, hoteli moja kando ya ziwa, kadi imeandikwa ni usiku wa Oscar na kila mtu aje kama staa wa filamu. Sasa fikiria hao watu. Mmoja ni mwalimu wa hesabu, mwingine anauza omena kwa jumla, wawili ni manesi, mimi nashinda ofisini nikihesabu risiti za mafuta ya lori, na sote tunaambiwa tuje tukiwa mastaa. Grupu ya WhatsApp haikulala siku tatu, mara huyu ni Beyoncé, mara anaambiwa Beyoncé ni wa muziki, anajibu hata filamu amecheza, basi vurugu tupu. Mimi nilitangaza mapema, nikasema Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wetu, asiguswe na mtu, huyo ni wangu.

Na hapa Kisumu hakuna wa kuniuliza kwa nini. Kazaliwa Mexico sawa, 1983, ndio maana akaitwa hilo jina, lakini baba yake ni Anyang' Nyong'o, gavana wetu tangu 2017, na kwa hivyo yeye ni nyar Seme, yaani binti wa Seme, na mtu akiwa nyar Seme hata akiishi mwezini bado ni jirani. Ile Jumatatu asubuhi ya Machi 3, 2014, huko Hollywood ikiwa bado usiku wa Jumapili, usiku wa Oscar, nilichelewa kazini kwa sababu ya TV ya jirani. Tulikuwa watu saba kwa kochi moja, na lile gauni la Prada la rangi ya mbingu, lenye marinda, likisogea kama maji ya ziwa kabla upepo haujaamka. Alipoulizwa kuhusu ile rangi akasema inamkumbusha Nairobi. Tukasema sawa, ya Kisumu atavaa mwaka kesho.

Na mwaka kesho wake ndio akaja na lile la lulu, na hilo ndilo lilinipeleka kwa ile ngazi.

Kama hio hadithi ilikupita ngoja nikupe, bila hio hutaelewa mtu mwenye akili anatoaje 3,500 avae kitu usiku mmoja. Ni Februari 22, 2015, Oscar tena. Lupita anaingia na gauni jeupe la Calvin Klein, mbunifu wake Francisco Costa, mgongo wazi, na lulu elfu sita. Sijakosea sufuri, 6,000. Magazeti yakaandika thamani ni dola 150,000, dola ikiwa kama shilingi 91 hivi, yaani zaidi ya milioni 13 zimesimama kwa mwili wa mtu mmoja zikipigwa picha. Siku tatu baadaye gauni likaibiwa kwa chumba chake cha hoteli huko West Hollywood, yeye akiwa ametoka. Polisi wakaanza kuzunguka, dunia nzima inatafuta nguo. Siku mbili tena likapatikana, na nadhani hapo mwandishi wa filamu mwenyewe angeona aibu kuandika hivyo, likapatikana chooni, hoteli ile ile. Mtu akapigia tovuti ya udaku ya TMZ akidai yeye ndiye mwizi, akasema alichomoa lulu mbili akaenda kuzipima akaambiwa ni bandia, ndio akaona arudishe. Yaani mwizi analalamika ameuziwa feki. Mimi hicho kisa nimekisimulia mara mia na bado kikifika hapo kwa choo nacheka peke yangu.

Basi nikaona kwa WhatsApp ya huyu mwenye duka ameweka picha, gauni jeupe limening'inizwa kwa dirisha, chini ameandika "LUPITA IMEFIKA".

Nikapanda.

Duka lenyewe ni chumba kimoja na pazia. Magauni yamebanana kwa vyuma mpaka ukivuta moja linatoka na wenzake wawili. Kuna feni, kuna kioo kirefu kimepasuka kwa kona, kuna kijana wa pasi haongei na mtu, na kwa ukuta karatasi ya kalenda imegeuzwa nyuma imeandikwa masharti kwa kalamu nene: nakala ya kitambulisho, kukodi 3,500 kwa siku moja, unaacha 2,000 za kurudishiwa, ukichelewesha ni 500 kila siku, na mstari wa mwisho kabisa, umepigiwa laini mbili, LULU IKIPOTEA NI 20. Hapo kwa ishirini nilitabasamu nikadhani ni utani. Haikuwa utani.

Mwenye duka ni mama wa makamo hivi, mnene mzuri, sindano mbili kwa kola, anaita kila mtu jaber, yaani mrembo, hata kama umeamka vibaya. Akanitazama kutoka kichwa mpaka viatu mara moja tu akasema, "Saizi kumi na sita." Nikamwambia kumi na nne. Akasema, "Sawa auntie, kumi na nne," akaenda akaniletea kumi na sita, na ikanikaa. Huyo ni fundi, hapo simnyimi haki yake.

Nikamwambia ukweli, kwamba moyo wangu unasita, kwa sababu tulivyofundishwa shuleni nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaacha kufunga zipu. Akaja mbele akashika kiuno.

"Auntie, nikuulize. Kim Kardashian ana pesa ama hana?"

"Anazo."

"Lile gauni la Marilyn Monroe alivaa lake?"

Nikanyamaza, maana hio habari naijua. Ni ile ya Mei 2022, sherehe ya mitindo ya Met Gala huko New York, gauni ambalo Marilyn alimwimbia nalo Rais Kennedy besidei mwaka wa 1962, liko mikononi mwa watu wa Ripley's waliolinunua kwa mnada dola milioni 4.8, na Kim na utajiri wake wote akaliomba, akajinyima chakula wiki tatu limuingie, akalivaa dakika chache za kupanda ngazi alafu akabadilisha akavaa nakala. Ngazi tu. Mama akasema, "Amepanda ngazi akavua. Wewe nakupa siku nzima, na unalalia wali ukitaka." Kijana wa pasi ndio akacheka, mara ya kwanza.

Na kwa kweli huyu mama hakunidanganya. Sisi huku tunaona mastaa kwa picha tunadhani wana makabati ya almasi, lakini magauni mengi ya ule usiku ni ya kuazima. Kampuni ya mitindo inashona, staa anavaa, picha inazunguka dunia nzima bila kampuni kulipia bango hata moja, alafu nguo inarudi kwa wenyewe. Vito pia hivyo hivyo, vinakuja na walinzi na vinaondoka na walinzi, staa mwenyewe analala bila hereni kama mimi. Ukisaini mkataba hata mkono si wako tena. Charlize Theron alishtakiwa 2007 na kampuni ya saa ya Uswisi, Raymond Weil, kwa sababu alionekana na saa ya kampuni nyingine wakati walikuwa wamemlipa avae ya kwao. Mimi nikivaa saa ya soko la Kibuye ya 300 hakuna wa kunipeleka kortini, huo nao ni utajiri wake.

Wa kununua kabisa walikuwepo, sikatai, na mkubwa wao kwangu ni Elizabeth Taylor. Huyo lulu yake ilikuwa yake. La Peregrina inaitwa, ilishakuwa ya wafalme wa Uhispania, Richard Burton akamnunulia kwa mnada 1969 kwa dola 37,000. Sasa siku moja wako hotelini Las Vegas akajishika shingo, lulu haipo. Anatembea bila viatu kwa kapeti akipapasa na vidole vya miguu, anaogopa kumwambia bwana, alafu anaona kambwa kake kanatafuna kitu na hajakapa mfupa. Akakafungua mdomo, lulu hio hapo, haina hata alama. Baada ya kufa kwake 2011 ikauzwa Christie's, New York, kwa zaidi ya dola milioni 11. Nikisoma vitu kama hivyo nalala saa saba usiku, mume wangu anauliza tunasoma ya mtihani gani.

Lakini nirudi dukani.

Gauni lenyewe kwa karibu. Kitambaa ni satini nyeupe, nzito kiasi, haionyeshi ya ndani, na hilo kwa gauni jeupe la kukodi si jambo dogo. Shingo imefungwa nyuma kwa vifungo viwili, mgongo wazi lakini wameweka neti ya rangi ya ngozi kwa ajili ya sisi wenye wakwe. Rangi ya ile neti ni ya ngozi ya Mzungu aliyeungua jua, si yangu wala ya Lupita, nikamwambia mama akasema ndio iliyokuwa soko la Jubilee siku hio. Mbele ndio kuna lulu, zimepangwa kwa nyuzi zinaning'inia kutoka kifuani mpaka juu ya goti. Usiku niliolipeleka nyumbani nilikaa kwa kitanda nikahesabu uzi mmoja, lulu 38, nyuzi 30, hio ni 1,140, na za shingoni ukiongeza haifiki 1,300. Kwa hivyo tuko chini na kama elfu nne na mia saba hivi, lakini kwa mbali, na taa ikiwa nyuma yako, jicho halihesabu. Nikafanya pia ile ya meno. Lulu ya kweli ukiisugua kwa jino inakwaruza kama ina mchanga mwembamba, ya bandia inateleza tu. Hii iliteleza kama sabuni ya hoteli. Sikushtuka, kwa 3,500 ulitaka nini, na isitoshe hata mwizi wa Hollywood alisema zake zilikuwa hivyo.

Nilichoona na nikanyamaza, na hapa nilaumiwe mimi, ni kwamba za shingoni zimeshonwa na uzi kabisa lakini zile nyuzi za mbele zimeshikwa juu na gundi. Ile ya moto, ya kijiti, inayeyushwa na bunduki yake. Nikaigusa ikawa ngumu nikasema aah, itashika.

Jumamosi ilikuwa ile joto ya Kisumu ambayo hata mbwa wa mtaa wanahamia chini ya lori. Nilivalia nyumbani, kosa la pili. Gauni halikubali tuktuk, ukikaa lulu zinakudunga mapaja, kwa hivyo nilienda nimesimama nusu, nimeshika chuma, dereva ananiangalia kwa kioo anasema madam tulia tutafika. Kutoka Migosi mpaka ziwani ni safari fupi lakini siku hio nilihesabu kila tuta, na kwa kila tuta nasikia tiki, tiki, tiki kwa chuma cha tuktuk.

Pale hotelini kapeti nyekundu ilikuwa ile ya kununua kwa mita, bado ina mikunjo ya kukunjwa dukani, na mpiga picha amesimamisha taa mbili kubwa. Nikashuka. Na mimi nasema ukweli hata kama nina kesi na huyo mama wa duka, kwa dakika kama ishirini nilikuwa staa. Watu walinyamaza. Mwalimu wa hesabu, ambaye alikuja kama Denzel na suti ya harusi yake, akasema wuololo. Watoto wa hoteli walitoka jikoni kuangalia. Mpiga picha akaniambia nigeuke, nirudi, niangalie ziwa, nisiangalie ziwa, na zile nyuzi za lulu zilikuwa zinachelewa kidogo kila nikigeuka, mwili unafika kwanza alafu lulu zinafuata, na huo mchelewo mdogo ndio uzuri wa lile gauni. Hio picha nimeiweka kwa simu na siitoi.

Alafu wadudu wakafika. Wa ziwani mnawajua, wale wadogo wanakuja kama moshi wakifuata taa, na hapa kuna taa mbili kubwa na mwanamke amevaa nyeupe. Walinijia mimi. Beyoncé alikuwa na nyeusi hakuguswa. Wakaingia kwa nywele, kwa shingo, na wale waliotua kifuani hawakuondoka, nikiangalia chini naona ile gundi imeanza kulainika, inang'aa kama asali, na wadudu wamenata hapo mstari mzima kama mtu ameshona utepe mweusi. Nilikuwa nimesimama mita mbili kutoka kwa taa ya moto, kwa joto ya Kisumu, na gundi ambayo kazi yake ni kuyeyuka ikipata moto. Hata sihitaji fizikia.

Ya kwanza ilianguka wakati wa keki. Uzi mmoja, lulu 38, ulishuka wote mara moja kwa sakafu ya vigae, na kama hujawahi kusikia lulu 38 za plastiki kwa vigae chumba kikiwa kimya kwa sababu watu wanasubiri mshumaa uzimwe, basi niamini inasikika. Wa pili ukafuata kwa rumba, ukakatika katikati. Nikaendelea kucheza, nifanye nini? Weita mmoja mwenye sinia ya soda alikanyaga moja akateleza, akajishika kwa meza, hakuna kilichomwagika isipokuwa heshima yangu. Watoto wakaanza kuokota wakileta kwangu kwa ngumi zao ndogo, auntie imeanguka, auntie na hii, nikakaa na glasi ya maji tupu mezani inajaa lulu kama ni mchango wa kanisa.

Na hapo mezani, nikiwa na glasi yangu, ndio nilielewa utofauti wangu na Lupita uko wapi, na si elfu nne na mia saba. Lile gauni lake lilikuwa na watu. Ukiangalia zile picha za nyuma ya pazia za mastaa, siku zote kuna mtu amepiga magoti pembeni ana uzi mdomoni, kuna wa nywele, kuna wa kushika mkia wa gauni kwenye gari, kuna wa kuangalia taa. Anasa ni huyo mtu wa uzi. Nguo hata mimi nimevaa. Kama yule mama angeniambia auntie ongeza elfu moja nikupe msichana mmoja mwenye sindano akae kwa kona mpaka saa nne, ningelipa hapo hapo na leo ningekuwa naandika nyota tano. Hata kama si msichana, basi anipe kijikaratasi kina sindano, uzi mweupe na lulu kumi za akiba. Hio itamgharimu shilingi ngapi, hamsini?

Nilivua saa tatu na nusu. Nilibeba leso, mimi ni mtu wa kubeba leso, nikamaliza sherehe nimejifunga leso badala ya gauni la Oscar na nikacheza vizuri kuliko mwanzo. Zawadi ya staa bora alipata yule wa omena, alikuja kama Lupita pia kumbe, lakini kama Lupita wa filamu ya mashujaa wa Wakanda, na vazi jekundu alilojishonea na fimbo ya fagio. Sina kinyongo, alistahili.

Jumapili duka limefungwa kwa hivyo nikarudisha Jumatatu asubuhi kabla ya kazi, nikiwa na hofu ya ile 500 ya kuchelewesha, na hapo nampongeza, hakunitoza, alisema Jumapili ni ya Mungu haihesabiwi. Lakini alipofungua mfuko akanyamaza. Hakuniita jaber. Akalaza gauni kwa kaunta, akavaa miwani, akaanza kuhesabu mapengo kwa ncha ya sindano, moja, mbili, tatu, na foleni nyuma yangu ina bibi harusi mtarajiwa na mama yake wanaangalia kila kitu. Yakafika 57. Nikatoa mfuko wangu wa plastiki niliotiamo zile za glasi, tukahesabu pamoja, 44. Zimebaki 13, mara ishirini ni 260. Nikamwambia sawa, nakubali, 260 kata, nirudishie 1,740.

Akasema na kazi ya kuzirudisha je, na wadudu je, na kufua je.

Hapo tukaingia kwa mjadala ambao sitauweka wote, ila nilimuuliza gundi ni yangu ama yako, akasema gundi haina shida, shida ni wewe ulisimama kwa taa. Nikamwambia mama, umenikodisha gauni la kapeti nyekundu alafu unataka nisisimame kwa taa, nisimame wapi, stoo? Bibi harusi mtarajiwa akacheka, mama yake akamkanyaga mguu. Mwishowe akanitumia 1,000 kwa M-Pesa pale pale na akasema nyingine tutaongea. Wiki iliyofuata, bila mimi kumkumbusha, ikaingia 500. Kwa hivyo kwa hesabu yangu mimi anayeshinda na risiti, imebaki 240.

Kwa upande wake lazima niseme na hili pia. Nilipita juzi kuchukua hio 240, hakuwepo, lakini lile gauni lilikuwa limetundikwa pale pale dirishani na nyuzi zote mbele zimeshonwa na uzi, moja moja, gundi imekwanguliwa yote. Kijana wa pasi aliniambia, na hio ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwangu, kwamba mama alikesha nalo siku mbili. Bei sasa ni 4,000.

Kama utaenda, nenda asubuhi kabla jua halijapiga hilo dirisha, chumba kinakuwa tanuri. Mwambie saizi yako lakini mwache akupe ya kwake. Usivalie nyumbani, vaa huko huko uendako. Vuta kila uzi kidogo mbele yake kabla hujalipa, asikwambie utaharibu, na piga picha gauni lote mbele na nyuma saa hio hio ukiwa dukani. Sindano na uzi beba mwenyewe. Na kama sherehe ni kando ya ziwa, jamani, vaa nyeusi, uwe Beyoncé.

Jana usiku nilikuwa navua viatu vile nilivyovaa siku ile, ndani kukawa na lulu mbili kwa kidole. Na leo asubuhi kitinda mimba wangu amekaa chini ya meza kimya, na kwa mtoto wa miaka miwili kimya si kitu kizuri, nikainama nikaona anasokota kitu kwa shavu, nikamfungua mdomo, ya tatu hio. Nimeziosha nimeziweka kwa kikombe cha chai hapa jikoni. Nitazipeleka Jumamosi nikienda Jubilee, tatu kwa ishirini ni sitini, kwa hivyo deni lake kwangu limefika 300.